Je, ni makampuni ya silaha yanayoamua bajeti ya ulinzi ya Marekani?

Mleta mada

Mwaka 2012 Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, Jenerali Raymond Odierno, aliwaeleza wabunge kwamba vifaru vya Abrams vilivyokuwapo vilitosha, na kwamba jeshi lilitaka kazi ya kuviboresha isimame kwa miaka michache. Bunge lilitenga fedha hata hivyo, kwa kuwa kiwanda kiko Lima, Ohio, na vipuri hutoka majimbo mengi. Ikiwa mpiganaji anasema hahitaji na muuzaji anashikilia kuuza, bajeti hiyo ni ya nani? Rais Eisenhower alionya juu ya jambo hili katika hotuba yake ya kuaga ya tarehe 17 Januari 1961, ingawa alikuwa amenyamaza miaka 8 yote ya utawala wake.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, hilo la kunyamaza si kweli. Tarehe 16 Aprili 1953, kabla hajatimiza miezi 3 madarakani, Eisenhower aliwaambia wahariri wa magazeti kwamba kila bunduki inayoundwa na kila meli ya kivita inayoshushwa majini ni wizi dhidi ya wenye njaa wasiolishwa. Usimdhulumu mtu ambaye maneno yake ndiyo unayoyategemea.

Mleta mada

Tarehe naikubali, na nilikosea. Hata hivyo, katika utawala huohuo silaha za nyuklia za Marekani ziliongezeka kutoka zaidi kidogo ya 1,000 hadi zaidi ya 18,000. Maneno yalikuwa mazuri, lakini maghala yalijaa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nimechomwa na neno "muuzaji". Wachomeleaji wa Lima si wauzaji wa vita. Ni wapiga kura, na mbunge anayetetea ajira yao anafanya kazi aliyotumwa. Kiwanda kikifungwa, mafundi hutawanyika, na ujuzi uliokusanywa kwa miongo haurudi kwa amri ya waziri. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, kila mtu aliona jinsi uzalishaji wa makombora ya mizinga ulivyoshindwa kwenda na mahitaji. Tena, mnasahau kwamba Julai 2009 Seneti ilikataa kununua ndege zaidi za kivita za F-22 kwa kura 58 dhidi ya 40. Kama makampuni yangekuwa na nguvu mnayoyapa, kura ile ingepatikanaje?

Mchangiaji wa nne

Ilipatikana kwa sababu Waziri wa Ulinzi Robert Gates alipambana waziwazi na Rais Obama akatishia kuukataa muswada mzima, na yote hayo kwa ajili ya ndege 7 za dola bilioni 1.75. Ikiwa ndege 7 zinahitaji vita ya namna hiyo, fikirini mradi wa ndege ya kivita ya F-35, ambao wagavi wake wametawanywa katika majimbo zaidi ya 40. Sasa tazameni nani hukaa upande wa pili wa meza, ule wa serikali inayonunua. Mark Esper alikuwa mshawishi mkuu wa kampuni ya silaha ya Raytheon, yaani aliyeisemea kampuni hiyo mbele ya serikali, kabla ya kuingia serikalini, kisha akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 2019. Lloyd Austin alitoka katika bodi ya kampuni hiyohiyo na kushika wizara mwaka 2021.

Mchangiaji wa tatu

Austin alilitumikia jeshi miaka 41. Kumtia shaka kwa kiti cha bodi ni kumvunjia heshima. Rushwa ikitokea, sheria ipo: mbunge Randy Cunningham wa California alikiri mwaka 2005 kupokea rushwa ya dola milioni 2.4, akafungwa.

Mchangiaji wa nne

Sijamtuhumu Austin kwa wizi, na nasikitika kama maneno yangu yamesomeka hivyo. Kesi ya Cunningham ni nyepesi kwa sababu alivunja sheria na sheria ikamfikia. Linaloninyima usingizi ni lile ambalo halivunji sheria yoyote: kampuni inagawa kazi ya ndege moja katika majimbo mengi, mbunge anahesabu ajira za jimboni kwake, jenerali anayekaribia kustaafu anajua bodi zinazomsubiri, na kila mmoja wao anaweza kula kiapo cha ukweli kwamba hakununuliwa. Wewe unaita hali hiyo uwakilishi. Basi nijibu: wale wa Lima wangelindwa namna gani ili mbunge wao aweze kumsikiliza Odierno?

Mchangiaji wa tatu

Wangepewa mikataba ya kutengeneza kitu kingine kabla ya vifaru kusimamishwa, si baada yake. Hilo sijaona likipendekezwa na upande wowote.