Lensi ya 70-200 f/2.8 ya bei poa au f/4 yenye fokasi ya haraka? Mechi za usiku zinanitesa

mzee_wa_mchangani
Wakuu habari za jioni. Niko Dar, napiga picha za mpira, mechi za mchangani na bonanza za maofisini, na siku hizi bonanza linaanza saa kumi jioni linaisha saa tatu usiku chini ya taa. Natumia kamera ya Canon 80D na zumu ya 70-300 f/4-5.6 (milimita 70 mpaka 300, na namba ya f ikiwa ndogo ndo lensi inaingiza mwanga zaidi). Mchana haina neno, ila jua likizama nikivuta mpaka mwisho inanibana kwenye f/5.6, nikitaka shata 1/500 ya sekunde, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) inapanda 6400 mpaka 12800 na picha inakuwa chenga (vidoadoa) tupu, nikishusha shata miguu ya wachezaji inageuka moshi.

Bajeti ni milioni moja na laki mbili hivi kwa hiyo ni mtumba tu. Nimeziona tatu, Tamron 70-200 f/2.8 ile ya zamani isiyo na VC (kituliza mtikisiko, Sigma wanaita OS, Canon wanaita IS), Sigma 70-200 f/2.8 OS HSM, na Canon 70-200 f/4L isiyo na IS. Sasa ndo nachanganyikiwa, Tamron kioo kinasifiwa ila moto (mota) ya fokasi ni ya kawaida inaenda taratibu, Sigma fokasi iko vizuri ila wanasema ukiifungua yote f/2.8 pale kwenye 200 inalegea kidogo, Canon ni shapu na fokasi haraka ila ndo f/4. Wateja wangu picha wanatupia Instagram na status, bango ni mara moja moja. Mngekuwa nyie mngebeba ipi?

fundi_chenga
Mkuu hapo anza na hesabu ya mwanga kabla ya sifa za kioo. Toka f/5.6 kuja f/4 unapata stopu moja (mwanga mara mbili), kuja f/2.8 unapata mbili, yaani mwanga mara nne. Ile picha yako ya 1/500 ISO 6400 ukiwa na f/2.8 unaipiga 1/1000 kwa ISO 3200. Kwa f/4 unachagua kimoja, ama ISO ishuke ama shata ipande, vyote viwili hupati, na mpira 1/500 kwa kweli ni ndogo, mtu akipiga shuti mguu unatikisika tu.

Jambo la pili watu wengi hawalisemi. Kamera yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) kama 80D inatafuta fokasi lensi ikiwa imefunguka yote, hata kama umeweka f/8, inajibana pale unapobonyeza. Kwa hiyo lensi ya f/2.8 inaipa mwanga mwingi sensa ya fokasi, na pointi ya katikati ya 80D imetengenezwa iwe na usahihi zaidi ikipata f/2.8. Usiku hilo utaliona.

Ila sasa f/2.8 haisamehe. Kwenye bodi (kamera) yako ukiwa 200 na mchezaji yuko mita 20, eneo lililo shapu ni kama mita moja tu mbele na nyuma jumla, akiwa mita 10 inabaki kama sentimita 27. Winga anayekukimbilia anazimaliza hizo kabla moto ya taratibu haijazunguka. Ndo maana lensi yenye kioo kikali na fokasi ya kuvuta miguu itakupa picha shapu ya nyasi na mchezaji ameota ukungu. Tamron kwa kazi yako itoe kwenye mahesabu, ibaki Sigma na Canon, na mimi kwa mechi za usiku nachukua Sigma. Kulegea kidogo f/2.8 mtu wa Instagram haoni, ukikaza mpaka f/3.2 au 3.5 inajikusanya.

kipanga_254
Niaje wazee. Mimi niko Nairobi, napiga raga hasa pale uwanja wa RFUEA Ngong Road, na nitampinga fundi kidogo. Hiyo f/4L ni gramu 705 hivi, hizo za f/2.8 zote zinapita kilo. Sigma ya OS iko karibu kilo moja na nusu. Ukitembea na hiyo kitu laini ya pembeni tangu saa nane mkono unaisha, na mkono ukichoka huwezi kufuata mtu vizuri, sasa hiyo stopu moja umeipata ya nini. Julai hapa mawingu ni ya kukaa siku nzima na f/4 inatosha, napandisha ISO na chenga nazitoa kwa programu baadaye, programu za siku hizi za kusafisha chenga ni noma. Chenga zinatoka buda, picha iliyokosa fokasi hakuna programu itairudisha.

fundi_chenga
@kipanga_254 hapo kwenye fokasi tuko pamoja, sema mawingu ya mchana na taa za uwanja wa mtaani ni vitu viwili tofauti kabisa kaka. Mawingu yanakupa 1/1000 bila jasho. Taa za bonanza zimewekwa upande mmoja, katikati ya uwanja kuna mwanga, kwenye kibendera cha kona ni giza, na mtu akikugeuzia mgongo kwenye taa uso hauonekani. Uzito ni kweli, ila kuna monopodi, ule mguu mmoja wa kuegemezea kamera.

da_zuu_picha
Jamani msiiseme vibaya hiyo Tamron. Mimi napiga harusi na send off, ukumbini na kanisani, maharusi wamesimama, wanavishana pete, mshenga anaongea weee, fokasi ya taratibu hainipi shida na kioo chake kwa bei ile sioni mpinzani. Hiyo lensi haina kosa, umeipeleka uwanjani tu. Ila mdogo wangu wewe unayepiga mpira mtupu msikilize fundi. Na usinunue kwa kuangalia picha ya maua dukani, muuzaji mmoja alishawahi kuniwekea lensi ikafokasi chupa ya maji mezani shapu kabisa, nikimwambia tutoke nje hataki!

mzee_wa_mchangani
Ahsanteni sana wakuu, dada Zuu hiyo ya muuzaji nimecheka. Sasa nikienda kuiangalia hiyo Sigma naijaribuje? Na je VC na OS kwenye mpira zina maana au ni kulipia bure?

fundi_chenga
OS inatuliza mkono wako, haimtulizi mchezaji. Kwenye 1/1000 huihitaji, kwa hiyo Canon kukosa IS kusikutie hofu. Itakusaidia kocha akiwa amesimama benchi na wewe uko 1/100.

Kujaribu, nenda na kamera yako na rafiki mmoja. Weka AI Servo (fokasi inayomfuata mtu anayesogea), pointi ya katikati, lensi 200 kwa f/2.8, rafiki akukimbilie moja kwa moja toka mbali na wewe bonyeza mfululizo, 80D inatoa fremu saba kwa sekunde. Rudi uangalie machoni ukiwa umekuza asilimia mia. Fremu zikiwa zinakosa kwa mpangilio, zote nyuma kidogo au zote mbele kidogo, hiyo 80D ina marekebisho ya fokasi kwenye menyu, inarekebishika. Zikikosa ovyo ovyo, moja mbele moja nyuma, achana nayo. Na rudia jioni, jua la saa sita kila lensi ni bingwa.

juma_lensi_moja
Naongezea la nne, Canon 200 f/2.8L II, haivuti ila ni gramu 765, shapu tangu f/2.8 na moto yake ni USM ya haraka. Ukiipata mtumba inaweza kuingia kwenye bajeti. Kikwazo mchezaji akikusogelea kwenye goli unapata magoti tu, inabidi bodi ya pili au ukae nyuma ya kona ya mbali.

mzee_wa_mchangani
Bodi ya pili sina mkuu, na magoli ndo yanayonilipa, kwa hiyo zumu lazima. Jumamosi jioni naenda kuijaribu Sigma na mdogo wangu, ana mbio. Ikikataa nabeba f/4L ya kipanga. Swali la mwisho, fremu zangu za usiku moja inatoka na mwanga vizuri inayofuata ya njano na giza, hiyo nayo ni lensi?

kipanga_254
Hapana hiyo ni taa. Umeme ni 50Hz, taa za aina nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ikiwa fupi unazikuta mara zimewaka mara zimefifia. 80D ina Anti-flicker (inasubiri taa iwake ndo ipige) kwenye menyu nyekundu ya kupigia, iwashe. Mfululizo utapungua kasi kidogo lakini rangi zitatulia.