Tupeane uzoefu: safu ya diski (RAID ya programu) inapogoma kumaunti

mlinzi_wa_md0

Wakuu, uzi huu ni wa safu za diski zinazojengwa na programu. Hapa ni mdadm (zana ya Linux ya kusimamia safu za md) zaidi, ila wa Btrfs na ZFS (mifumo ya faili yenye RAID yake ya ndani) karibuni pia. Tunazungumzia ile hali ambapo seva inawaka na kuishia kwenye hali ya dharura, au inapanda vizuri lakini folda ya data iko tupu na `mount` inajibu `wrong fs type, bad option, bad superblock`. Leteni dalili, amri na sababu. Vilio vya picha za harusi zilizopotea tuviache uzi mwingine.

Naanza na jambo ambalo wengi huliruka. Kati ya diski na folda kuna tabaka kadhaa: diski yenyewe, patisheni, safu ya md, pengine LUKS (usimbaji) au LVM (ugawaji wa volumu) juu yake, halafu mfumo wa faili. Ujumbe wa `mount` unatoka tabaka la mwisho, lakini hitilafu mara nyingi iko chini yake. Mtu akiona "bad superblock" anakimbilia `fsck` (kikagua mfumo wa faili), kumbe safu haijaunganishwa kabisa. Kabla ya kugusa kitu chochote endesha hizi, na matokeo yake yahifadhi kwenye faili nje ya safu:

```
cat /proc/mdstat
lsblk -o NAME,SIZE,TYPE,FSTYPE,UUID
mdadm --examine /dev/sd[b-e]1
dmesg | grep -iE 'md|ata|i/o error'
```

Zote zinasoma tu, haziandiki chochote. Nakala ya `--examine` itunze kama hati ya shamba, mbele huko utaona kwa nini.

Temino Nyeusi

Naongezea kwenye `/proc/mdstat`. Ukikuta hivi:

```
md127 : inactive sdb1[0](S) sdd1[2](S)
```

usidhani diski zimegeuka spea. Hiyo (S) kwenye safu iliyo `inactive` maana yake ni kwamba vipande vimekusanywa lakini safu haijawashwa, kwa kawaida kwa sababu vilivyopatikana havikutosha au vilichelewa kuonekana. Na vikiwa vimeshikwa hapo, `--assemble` yako itajibu `Device or resource busy`. Kwa hiyo fungua kwanza, kisha unganisha upya kwa sauti:

```
mdadm --stop /dev/md127
mdadm --assemble --verbose /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1 /dev/sde1
```

`--verbose` inakutajia kila diski na kwa nini imekubaliwa au imekataliwa. Bila hiyo unabaki kubahatisha.

Kuhusu jina lenyewe, md0 kugeuka md127 si ugonjwa. Hutokea pale safu isipoandikwa kwenye mdadm.conf, au jina la mashine lililo ndani ya metadata halilingani na la mashine hii, au nakala ya mdadm.conf iliyo ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa wakati wa kuwaka) ni ya zamani. Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua watu. Unarekebisha `/etc/mdadm/mdadm.conf` (kwa Debian na Ubuntu, kwa familia ya Red Hat ni `/etc/mdadm.conf`), unawasha upya, na jina linarudi lile lile, kwa sababu wakati wa kuwaka inasomwa nakala ya ndani. Chukua mstari wa ARRAY kwa `mdadm --detail --scan`, uweke kwenye faili, kisha `update-initramfs -u` au `dracut -f`. Na kwenye fstab (orodha ya vya kumaunti) tumia UUID ya mfumo wa faili, si `/dev/md0`. Ukifanya hivyo, namba ikibadilika haikuhusu.

sekta4096

Tukija kwenye safu inayokataa na kusema `assembled from 2 drives - not enough to start the array`, hapo ndipo `--examine` inalipa. Mistari ya kuangalia ni mitano: Array UUID, Device Role, Array State, Update Time na Events. UUID lazima ifanane kwa zote. Events ni hesabu inayopanda kila hali ya safu inapobadilika, na diski iliyodondoka hubaki nyuma.

Tuseme RAID5 ya diski nne: mbili zina Events 48210, ya tatu 48207, ya nne 31954. Ya tatu ilidondoka muda mfupi tu kabla ya safu kusimama, hivyo tofauti ya data ni ndogo mno. Ya nne ilitoka zamani, na Update Time yake itakuthibitishia. Unayemhitaji ni wa tatu. Wa nne mwache nje kabisa:

```
mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1
```

`--force` inaipandisha Events ya diski iliyobaki nyuma kidogo na kuichukulia kuwa sawa na wenzake. Kosa kubwa ni kuipa diski zote nne kwa pamoja na kuiachia programu ichague. Ile ya zamani ina data ya wakati mwingine. Ikiingia mahali pa ile sahihi utapata safu inayowaka vizuri na faili zilizochanganyika ndani.

Safu ikishawaka, maunti kwa kusoma tu kwanza: `mount -o ro,noload` kwa ext4, `mount -o ro,norecovery` kwa XFS. Ukitumia `ro` peke yake, jarida (logi ya mabadiliko ya mfumo wa faili) linaweza kuchezwa na diski zikaandikwa.

waya mbovu

Mkuu sekta4096, nakubaliana na hesabu, ila mpangilio nina shaka nao. Kabla ya `--force` uliza kwanza kwa nini diski ilidondoka. Ukiilazimisha irudi wakati chanzo bado kipo, itadondoka tena katikati ya kusawazisha, na safari hii safu ilikuwa tayari pungufu.

`smartctl -a /dev/sdd`, kisha angalia sifa hizi za SMART (ripoti ya afya ya diski). 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri kuhamishwa) na 198 zikipanda, diski inakufa. 199 (makosa ya CRC) ikipanda huku hizo nyingine ni sifuri, diski ni nzima na mbaya ni kebo au soketi. Hesabu ya 199 hairudi chini hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo andika namba ya leo na ulinganishe baadaye. Diski kadhaa zikidondoka kwa sekunde ile ile, acha kuzilaumu: angalia umeme na kadi ya SATA.

Kuna lingine ambalo halionekani kwenye SMART. Diski za kompyuta za kawaida zinaweza kuhangaika na sekta moja mbovu kwa zaidi ya dakika nzima. Keneli ya Linux inasubiri sekunde 30, kisha inaiweka upya diski, na md inaitoa kwenye safu. Diski haikuwa imekufa, ilikuwa na shughuli tu. Uliza kwa `smartctl -l scterc /dev/sdd` kama diski inakubali kuwekewa kikomo cha muda huo. Ikikubali, weka sekunde 7:

```
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdd
```

Ikikataa, iongezee keneli uvumilivu:

```
echo 180 > /sys/block/sdd/device/timeout
```

Ya pili hupotea kila mashine inapowashwa upya, na ya kwanza kwa diski nyingi hupotea umeme ukikatika, hivyo weka kwenye skripti ya kuwasha.

Diski yenye 197 inayopanda usiiunganishe kabisa. Iinakili kwanza kwa `ddrescue -f -n` kwenda diski nzima yenye ukubwa sawa au zaidi, pamoja na faili ya ramani, kisha rudia na `-d -r3` kwa sehemu zilizobaki. Safu iunganishe kwa nakala, na ile ya asili itoe kwenye mashine, maana zote mbili zina superbloku (rekodi ya md inayoitambulisha diski ndani ya safu) ile ile na mdadm haiwezi kujua ipi ni ipi.

ovalei

Kwa yeyote anayetaka kujaribu `--force` au kitu kizito zaidi bila kuhatarisha diski, njia ni kuweka tabaka la maandishi juu ya kila diski. Kusoma kunatoka diskini, kuandika kunaenda kwenye faili. Safu iwe imesimamishwa:

```
truncate -s 50G /mnt/nje/sdb1.ovr
losetup -f --show /mnt/nje/sdb1.ovr
blockdev --setro /dev/sdb1
dmsetup create sdb1ovr --table "0 $(blockdev --getsz /dev/sdb1) snapshot /dev/sdb1 /dev/loop0 P 8"
```

Rudia kwa kila diski, ukiweka jina la loop lililorudishwa na amri ya pili. Kisha unganisha `/dev/mapper/sdb1ovr` na wenzake badala ya `/dev/sdb1`. Hata `fsck` inaruhusiwa humo. Ikiharibika: simamisha safu, `dmsetup remove`, `losetup -d`, futa faili, anza upya na diski zako hazijaguswa. Faili ya `truncate` inakula nafasi kadiri inavyoandikwa tu, lakini ikijaa snapshoti inakuwa batili na makosa ya I/O yanamwagika. Fuatilia kwa `dmsetup status`.

Temino Nyeusi

Hapo sasa tuiongelee amri inayoua data nyingi kuliko diski mbovu: `mdadm --create` juu ya diski zilizokuwa na safu. Kuna maelezo mengi mitandaoni yanayoipendekeza kama hatua ya pili. Hapana. Inaandika superbloku mpya juu ya ile ya zamani, na kila usichokitaja inajaza kwa chaguo lake la leo. mdadm za zamani zilikuwa na metadata 0.90 na chanki (kipande kinachoandikwa diski moja kabla ya kuhamia nyingine) ya 64K. Sasa ni 1.2 na 512K. Data Offset (mahali data inapoanza kwenye kila diski) nayo imekuwa ikikua: safu ya zamani inaweza kuwa na sekta 2048, mpya 262144. Ukikosea hapo, mfumo wa faili unaanza mahali ambapo haupo.

Inafaa tu pale superbloku zimefutika kweli, na iwe juu ya tabaka alilolieleza ovalei. Mfano wa safu iliyokosa diski moja:

```
mdadm --create /dev/md0 --assume-clean --metadata=1.2 --level=5 --raid-devices=4 \
  --chunk=512 --layout=left-symmetric --data-offset=131072K \
  /dev/mapper/sdb1ovr missing /dev/mapper/sdd1ovr /dev/mapper/sde1ovr
```

`--examine` huandika Data Offset kwa sekta, wakati `--data-offset` husoma kilobaiti. Sekta 262144 ndizo 131072K. Bila `--assume-clean`, kusawazisha kunaanza mara moja na kuandika juu ya data. Mpangilio wa diski ni ule wa Device Role kwenye ile nakala ya mlinzi_wa_md0.

Halafu usishangilie ikimaunti. Mwanzo wa mfumo wa faili uko kwenye chanki ya kwanza, hivyo hata diski nyingine zikiwa zimepinduliwa `mount` inaweza kukubali. Fungua faili kubwa kuliko chanki mara idadi ya diski, na uendeshe `fsck -n`. Mpangilio sahihi hutoa makosa machache au hakuna. Ule mbovu hutoa maelfu.

sekta4096

Superbloku hufutikaje? Sababu moja ya kushangaza: safu iliyojengwa kwenye diski nzima bila patisheni. Metadata 1.2 inakaa baiti 4096 kutoka mwanzo, yaani sekta ya 8. Jedwali la GPT (orodha ya patisheni) linakaa sekta ya 2 hadi 33. Kama diski iliwahi kuwa na GPT, nakala yake ya akiba bado iko mwishoni, na ubao mama fulani ukiiona "unarekebisha" jedwali la mbele, moja kwa moja juu ya superbloku. Safu hupotea baada ya kuwasha upya, bila kosa lolote kwenye logi. Tengeneza patisheni kila mara, au ufute GPT ya zamani mbele na nyuma kwa `wipefs -a` kabla ya kuijenga safu.

Wa 0.90 nao wana yao: superbloku iko mwishoni, hivyo patisheni inayofika mwisho wa diski huonekana kuwa mwanachama mara mbili, kama sdb na kama sdb1.

Makasha ya USB pia. Baadhi yanaionyesha diski kwa sekta za 4096 badala ya 512, na ukiihamishia SATA moja kwa moja jedwali la patisheni halisomeki. Irudishe kwenye kasha lake uone kabla ya kulia.

mlinzi_wa_md0

Tumalizie tabaka la juu. Safu ni `active`, `--detail` iko safi, bado haimaunti. Angalia FSTYPE kwenye lsblk:

`linux_raid_member`: unamaunti kipande badala ya safu. `LVM2_member`: endesha `vgchange -ay`, kisha maunti volumu iliyo ndani. `crypto_LUKS`: `cryptsetup open` kwanza.

Ext4 ikisema `bad geometry: block count exceeds size of device`, safu yako ni ndogo kuliko ilivyokuwa, karibu kila mara kwa sababu ya `--create` yenye offset nyingine. Usikimbilie `resize2fs`, rudisha ukubwa sahihi. Kama superbloku ya ext4 ndiyo imeharibika na bloku ni 4K, akiba ziko 32768, 98304, 163840 na kuendelea: `e2fsck -n -b 32768 -B 4096 /dev/md0`, na `-n` uitoe tu ukiridhika na ulichokiona.

XFS: `xfs_repair` ikilalamika kuhusu logi, jaribu kumaunti kawaida ili logi ichezwe yenyewe. `-L` inaitupa logi pamoja na mabadiliko yaliyokuwemo, hivyo iwe ya mwisho.

Na fstab: weka `nofail,x-systemd.device-timeout=30` kwa safu za data. Bila hivyo mashine inasubiri sekunde 90 kisha inaishia hali ya dharura, nawe uko mbali na SSH haijawaka.

kopi-mbili

Btrfs na ZFS kwa ufupi, maana hazina `--examine`.

Btrfs yenye diski nyingi: `btrfs device scan`, kisha `btrfs filesystem show`. Ikiandika kuwa kuna diski iliyokosekana, `mount -o ro,degraded`, toa data, ndipo ufikirie `btrfs replace`. `btrfs check --repair` usiiguse bila ushauri.

ZFS: `zpool import` bila jina inaorodhesha kinachoonekana. Majina ya diski yakiwa yamebadilika, `zpool import -d /dev/disk/by-id -o readonly=on jina`. Ikisema dimbwi (pool, yaani safu ya ZFS) lilitumika na mashine nyingine, hakikisha hiyo mashine imezimwa kweli ndipo uweke `-f`. Mashine mbili zikilishika dimbwi moja kwa wakati mmoja linaweza kuharibika lisipatikane tena. Kwa metadata iliyoharibika kuna `-F`, inayorudi nyuma miamala michache. Tanguliza `-Fn`: itakuambia kama kurudi nyuma kutasaidia, bila kufanya lolote.