Mrejesho: beji za katuni zenye sura za michoro maarufu, na kutu ya Tanga
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini beji za katuni, zile ambazo mhusika anakaa kama Mona Lisa au anasimama chini ya anga la usiku lenye mizunguko la mchoraji Van Gogh, la mwaka 1889, zinashika kutu hapa Tanga, na feki inajulikanaje.

Kutu huanzia kwenye sindano ya nyuma. Baadhi ni chuma, na hewa ya bahari ina chumvi inayovuta unyevu. Pitisha sumaku: beji nzima ikinasa kwa nguvu, mwili wake nao ni chuma. Ifute kwa kitambaa kikavu, uifungie kwenye kopo linalobana pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Mifuko laini ya plastiki aina ya PVC achaneni nayo kabisa, kwenye joto inanata.

Feki? Chukua lenzi. Mizunguko ya lile anga hutenganishwa na kuta nyembamba za metali; rangi ikivuka ukuta, ikiwa na vitundu, au kingo zikikwaruza kidole, tilia shaka. Ila enameli (ile rangi inayojazwa kati ya kuta) ikiwa laini huwa na mabonde kwa asili yake, hiyo si dalili ya feki (wauzaji wengine hawalijui hili). Enameli ngumu ndiyo husuguliwa mpaka ikalingana na kuta za metali.