Data za shata na apecha: zichapwe kwenye filamu au zikae kwenye kamera?

roli36: Wakuu, nataka kila fremu ibaki na kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) na apecha yake (upana wa tundu la lenzi) bila kushika daftari. Nachagua kati ya kamera za filamu za Nikon F6, Canon EOS-1V na Pentax 645N. Ipi ya kutegemewa miaka ikipita? Na data naziingizaje kwenye picha nilizoskani?

ukingoni: Mkuu, chukua inayochapa kwenye filamu yenyewe. 645N huchapa pembeni, nje ya picha. F6 huchapa kwenye nafasi kati ya fremu na fremu, na nakala hubaki kwenye kumbukumbu yake. Kuitoa kunataka kifaa cha MV-1 na kadi ya CompactFlash. EOS-1V hutunza hadi roli 100 za fremu 36, lakini kwenye filamu huweka namba ya roli tu. Bila kebo na programu ya ES-E1, ya enzi za Windows 98, data zako zimefungiwa humo. Negativi haihitaji kebo.

f5_6: Naunga mkono, ila angalia mambo haya. Maandishi hutokana na vitaa vidogo, na ukali wake hufuata ISO (wepesi wa filamu kupokea mwanga) uliyoweka. Ukiweka ISO ya chini kuliko ya filamu, herufi hunenepa na kuvujiana. Vitaa vikiwa vyekundu, filamu ya orto haitaonyesha kitu, kwani haioni rangi nyekundu. Halafu maabara nyingi hukata kingo wakati wa kuskani: dai negativi zako, usome kwa lenzi ya kukuzia juu ya meza ya mwanga.

roli36: Na lenzi za zamani za Nikon za AI, zisizo na chipu, kwenye F6?

ukingoni: Ingiza urefu wa fokasi na apecha kubwa kabisa ya lenzi kwenye menyu, la sivyo kamera haitaijua apecha.

skani_zote: Kuhusu skani, tengeneza faili la CSV (jedwali la maandishi) lenye safu SourceFile (jina la faili la picha), ExposureTime (kasi ya shata) na FNumber (apecha), kisha endesha amri hii ya programu ya exiftool, inayoandika data ndani ya picha:

`exiftool -csv=roli12.csv folda/`

Linganisha data na skani kwa mpangilio wa picha, usifuate namba za kiwandani ukingoni mwa filamu ya 35mm. Fremu ya kwanza ya kamera inaweza kuangukia kati ya 0 na 1A, ukajikuta umehamisha data za roli nzima hatua moja. Anza kwa fremu ambayo huwezi kuikosea, mfano ya sekunde 1 yenye maji yaliyolainika.