Mjadala: Je, petroli ya ndege isiyo na madini ya risasi (ledi) iliingizwa sokoni mapema mno?

Ndugu wachangiaji, mwezi Septemba 2022 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) iliidhinisha petroli ya G100UL, iliyobuniwa na kampuni ya GAMI ya Oklahoma, kutumika katika ndege ndogo za injini za pistoni mahali pa ile ya 100LL yenye risasi. Msimamo wangu ni kwamba idhini hiyo ilipima vizuri injini, lakini haikuyatendea haki matangi, mipira ya kuzibia na rangi.

Sitetei risasi hata kidogo. Petroli ya 100LL huruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita, na Kaunti ya Santa Clara, California, iliacha kuiuza mwanzoni mwa 2022 baada ya utafiti kuonyesha kuwa watoto wanaoishi jirani na kiwanja cha ndege cha Reid-Hillview wana risasi nyingi zaidi katika damu kuliko wanaoishi mbali nacho. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ningeuunga mkono tena.

Tatizo ni kwamba oktani (uwezo wa mafuta kutojilipua kabla ya wakati ndani ya injini) inayopotea risasi ikiondolewa lazima ipatikane kwingine, na G100UL huipata kwa kiasi kikubwa kutoka kwa zaileni, kemikali ya aina ambayo huvimbisha mpira na kulainisha rangi. Mauzo yalipoanza Reid-Hillview mwishoni mwa 2024, baadhi ya wamiliki walianza kuripoti rangi iliyobadilika au kubanduka, na matangi ya ndani ya mabawa yanayovuja. Tayari mwezi Juni mwaka huohuo, kampuni ya kutengeneza ndege ya Cirrus ilikuwa imetangaza kuwa haiidhinishi mafuta hayo kwa ndege zake za SR, kwa kuwa majaribio kuhusu upatanifu wake na vifaa hayakuwa yametoa jibu la uhakika.

GAMI hujibu kwamba rangi na viziba vilivyoharibika vilikuwa vimechakaa tangu awali. Huenda ni kweli kwa ndege kadhaa, lakini hoja hiyo naiona inawageukia wenyewe: ndege ndogo nyingi zinazoruka Marekani zina umri wa miongo kadhaa, kwa hiyo mafuta yanayokusudiwa kuzihudumia yanapaswa kupimwa juu ya viziba vikuukuu, tena matokeo yakiwa wazi kwa kila fundi. GAMI ilipitia njia ya cheti cha FAA bila kupata kwanza kiwango cha ASTM, shirika la kuweka viwango vya ubora, ambako watengenezaji wa ndege na injini wangekagua takwimu hizo pamoja.

Wanaosema tuvumilie kasoro ndogo kwa ajili ya afya ya watoto nawaheshimu, ila naomba wanijibu hili: gundi ya tangi ikiachia, kazi ya kuibandua yote na kuziba upya italipwa na nani, mwenye ndege, muuza mafuta, au mamlaka iliyotia sahihi?