Naomba ushauri: mdogo wangu apokee kazi ya kampuni ya uwindaji?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu amemaliza chuo cha wanyamapori Pasiansi, hapa hapa Mwanza, na amepata nafasi kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii upande wa Pori la Akiba Maswa. Nyumbani hakukaliki. Mama anasema hakumsomesha mtoto ili akawashikie wazungu bunduki. Binamu yetu aliyeko Nairobi naye anatia petroli: Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu 1977, iweje sisi bado?

Mimi naona mambo hayajanyooka hivyo. Botswana walizuia 2014, wakarudisha 2019 baada ya wananchi kulalamikia tembo mashambani. Na porini Maswa hakuna foleni ya watalii wa picha kama Serengeti. Mwindaji akiondoka, nani atalipa doria? Mfugaji ataingiza ng'ombe kesho yake. Kanuni zetu zinataka simba dume awe amefika miaka 6, lakini umri wa simba unaukisia kwa macho, na mteja aliyelipa dola nyingi hapendi kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo napata wasiwasi na dogo.

Waliowahi kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji: msimu ukifungwa mshahara unaendelea au ndiyo mnarudi Kirumba kukaa kijiweni? Bima je? Na akisaini huku, milango ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) inabaki wazi baadaye? Wanataka jibu Ijumaa. Wa matusi kwa mama yangu apite tu.