Naomba ushauri: bungee daraja la Victoria Falls, mwenzetu ana miwani mikali

Wakuu, habari. Tuko wanne, mabegi mgongoni, Dar hadi Livingstone kwa basi kupitia Tunduma. Tunataka kuruka bungee, yaani kujirusha umefungwa kamba ya mpira, pale darajani, mita 111 juu ya mto Zambezi. Wote ni mara ya kwanza.

Utaratibu tunaujua: unapimwa uzito, kamba ya mpira inachaguliwa kwa kilo zako, kwa hiyo kudanganya kilo ni kujitafutia balaa. Vifundoni unazungushiwa taulo, juu yake mkanda, na hanesi (mikanda ya kukushikilia) ya kiunoni kama akiba. Unatangulia kichwa, mikono wazi. Ukitanguliza miguu, kamba ikikaza inakupindua ghafla na shingo inaumia. Halafu unaning'inia kichwa chini mpaka jamaa ashuke kukufunga uvutwe juu.

Hapo kwenye kuning'inia ndipo penye swali. Mmoja wetu ana miwani ya -6 (haoni mbali kabisa), na damu ikijaa machoni inaweza kuvuja kwenye retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho, na mshtuko wa kamba unaweza kuichana. Hanesi ya mwili mzima inapunguza hatari kweli, au aache tu atupige picha? Daktari wa macho apime nini kabla ya safari?

Na pasipoti: daraja liko kati ya vituo viwili vya mpaka, cha Zambia na cha Zimbabwe. Tukitokea Zambia, tunagongewa muhuri wa kutoka au kuna kibali cha darajani?